Sebastian Kneipp, mutoto wa mufumaji mwenye alifundisha watu kujitunza kwa maji

Katika sehemu yetu ya Kiswahili tumezoea kuongea juu ya mushahara, mikataba na usalama wa kazi. Leo tunaleta maisha ya mutu mumoja wa kitambo. Hakushuka hata siku moja mu shimo la shaba, lakini alianza kazi angali mutoto, mahali pa giza na unyevu, na kifua kikamuangusha angali kijana. Jina lake ni Sebastian Kneipp. Ulaya ilimujua kama padri wa maji.

Tunamuchagua kwa sababu moja. Katika cité zetu, mutu akitoka kwenye poste na mugongo unauma, miguu imevimba na kifua kinabana, wa kwanza kumushauri ni jirani. Huyu anasema maji ya baridi, yule anasema mvuke, mwengine anauza chupa ya dawa pale barabarani. Maisha ya Kneipp yanatusaidia kuchagua: maji yanaweza nini, na maji hayawezi nini.

Mutoto wa chumba cha chini

Kneipp alizaliwa tarehe 17 Mei 1821 katika Stephansried, kijiji kidogo karibu na Ottobeuren, katika inchi ya Bavaria, yenye leo iko sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mufumaji wa vitambaa, mutu maskini. Wakati ule watu walifuma nyumbani, na mashini ya mbao iliwekwa mu chumba cha chini ya nyumba, juu uzi ukikauka sana unakatika. Unyevu ulikuwa muzuri kwa uzi. Kwa mutu, ni jambo lingine. Sebastian alikuwa angali mutoto wakati alianza kukaa pale chini pamoja na baba, saa na saa, akifuma ili nyumba ipate kula. Jua alikuwa analiona paka wakati wa kutoka.

Alikuwa na hamu moja tu: kuwa padri. Lakini masomo yalitaka feza, na nyumbani feza haikukuwa. Akaanza kuweka kidogo kidogo ile yenye alipata kwa mikono yake, mwaka nyuma ya mwaka. Halafu, wakati alikuwa karibu na miaka 21, nyumba yao ikashika moto, na akiba yake yote ikaungua. Wengi wetu tunajua siku ya namna ile. Kazi ya miaka inaisha mara moja, juu ya moto, juu ya ugonjwa, ao juu ya kufukuzwa kazi bila kulipwa.

Kneipp hakurudi mu chumba cha chini. Alitoka nyumbani, akafanya kazi kwa watu wengine, na akagonga milango ya mapadri akitafuta mwenye atamufundisha Kilatini, juu bila Kilatini mutu hakuweza kuingia seminari. Wengi walimukatalia. Mwishoni padri mumoja kijana, Matthias Merkle, wa Grönenbach, akamukubali. Mwaka wa 1844, akiwa na miaka 23, Kneipp aliingia masomo ya sekondari katika muji wa Dillingen. Alikaa darasani pamoja na watoto wenye angeweza kuita wadogo zake, na hakuona haya.

Ugonjwa wa kifua na muto wa Danube

Wakati mulango ulifunguka, mwili ukakataa. Alianza kukohoa, akazaifika, akatema damu. Munganga alikuja mara na mara, lakini hakukuwa na kitu cha kumupa. Tukumbuke kwamba wakati ule hakuna mutu alijua ni nini inaleta kifua kikuu. Mududu wake ulivumbuliwa na munganga Robert Koch mwaka wa 1882, na dawa ya kwanza yenye iliweza kuuwa ule mududu ilipatikana paka katika miaka ya 1940. Mugonjwa wa wakati wa Kneipp alikuwa anangojea tu, ni nini itaanza, kupona ao kufa.

Katika kungojea kule akapata kitabu cha zamani kilichoandikwa na Johann Siegmund Hahn, munganga wa karne ya 18, juu ya nguvu ya maji safi ya baridi. Kneipp akaamua kujaribu. Mwaka wa 1849, wakati baridi ya Ulaya ilianza kukaza, alianza kwenda kwenye Danube, muto mukubwa wenye unapita Dillingen. Alikuwa anakimbia mpaka mutoni ili mwili upate moto, anavua nguo, anaingia ndani ya maji kwa sekunde chache tu, anatoka, anavaa, anakimbia tena mpaka nyumbani ili joto lirudi. Alifanya vile mara mbili ao tatu kwa juma. Pole pole nguvu ikarudi. Aliendelea na masomo mu Munich, na tarehe 6 Agosti 1852 akapewa upadri katika Augsburg.

Hapa tusimame kidogo, juu njo hapa watu wengi wanapotea. Maji ya Danube hayakuuwa mududu wa kifua kikuu. Leo waganga wanajua kwamba kwa watu fulani ugonjwa ule ulikuwa unatulia wenyewe, na kwamba wengine wengi, hata wenye walioga maji ya baridi, walikufa. Kutoka mu chumba kilichofungwa, kupumua hewa safi, kukimbia na kupata tena tumaini, hiyo yote inaweza kupatia mwili nguvu, lakini haiko dawa ya kifua kikuu. Sisi tuko na dawa yenye Kneipp hakukuwa nayo. Ni vidonge vya kumeza kwa miezi 6, na katika vituo vya afya vya serikali vinatolewa bure. Ukikohoa kwa majuma mawili ao kupita, ukitema damu, ukikonda ao ukitoka jasho usiku, usitafute beseni. Peleka makohozi yapimwe. Na kama ulianza vidonge, malizia miezi yote, hata kama nguvu imerudi mu mwezi wa pili.

Padri na waganga

Tangu mu seminari Kneipp alikuwa anasaidia wanafunzi wenzake wagonjwa kwa maji, kwa siri. Kisha alitumwa kuwa padri musaidizi katika vijiji, na watu wakaanza kumufuata. Mwaka wa 1854, wakati kolera ilipiga Boos, mahali alikuwa anafanya kazi, hakukimbia. Alikaa na wagonjwa. Hiyo ilimupatia jina kati ya wakulima, na ilimupatia pia maazui. Waganga na wauzaji wa dawa walimushitaki kwamba anatunza watu bila ruhusa, na akaitwa mbele ya wakubwa wa serikali. Kisha ile alijaribu kujizuia kwa wale wenye waganga walishindwa, ao wale wenye hawakukuwa na pesa ya kulipa munganga.

Wengine wanapenda kuhadisia hii sehemu kama vita kati ya mutu wa maskini na watu wa pesa. Sisi wa chama cha wafanyakazi tungeweza kuipenda pia namna ile. Lakini tuseme kweli: sheria yenye inauliza mutu alisomea wapi mbele ya kugusa mugonjwa ni sheria muzuri. Kama haiko, kila mwenye kuwa na chupa anajiita munganga, na wenye wanalipa garama ni sisi. Kneipp mwenyewe hakukataa waganga. Miaka ya nyuma, waganga wenye diploma walikuja kufanya kazi pamoja naye, walichunguza wagonjwa mbele ya maji kumwangwa, na hata walianzisha chama chao cha waganga wenye walifuata njia yake. Neno la kukamata ni lingine: kama munganga iko garama kupita na iko mbali kupita, maskini atatafuta mwengine. Hiyo ilikuwa vile Bavaria wakati ule, na iko vile kwetu leo. Njo sababu tunasimama kwamba kampuni itunze mufanyakazi pamoja na muke na watoto.

Kijiji cha Wörishofen

Mwaka wa 1855 Kneipp alitumwa Wörishofen, kijiji cha wakulima, ili awe padri wa kuungamisha masista Wadominikani. Alikaa pale mpaka kufa. Hakukuwa mutu wa kukaa tu na kitabu. Alishugulikia shamba la masista, akafundisha watu kufuga nyuki, hata akaandika juu ya nyuki. Nyumba yake ya kwanza ya kutunza wagonjwa ilikuwa nyumba ya kufulia nguo ya masista. Chombo chake kikubwa kilikuwa kile chenye munyweshaji wa bustani anatumia: ndoo ya kumwangilia maua. Ile sindano, ile mashini, hapana. Ndoo na mukono wenye unajua kipimo.

Mwaka wa 1881 alifanywa padri mukubwa wa parokia ile. Mwaka wa 1886 alitoa kitabu juu ya utunzaji wake wa maji, na kitabu kile kikauzwa sana, kikatafsiriwa katika luga mingi. Mwaka wa 1889 akatoa kingine juu ya namna ya kuishi. Kisha kijiji hakikulala tena. Watu walifika kwa maelfu, wakulima walikodisha vyumba vyao, na asubui uliona matajiri na wakubwa wa serikali wanatembea miguu bure mu majani yenye umande, nyuma ya watu wenye hawakukuwa na viatu tangu kuzaliwa. Papa Leo XIII alimupa cheo cha heshima mwaka wa 1893, na Kneipp alifika Rome kumutembelea.

Feza yenye ilianza kuingia, hakuijengea nyumba yake. Mwaka wa 1891 alifungua nyumba ya wagonjwa yenye kuitwa Sebastianeum, mwaka wa 1893 nyumba ya watoto wagonjwa, na mwaka wa 1896 nyumba ingine, Kneippianum. Alikufa tarehe 17 Juni 1897, akiwa na miaka 76. Leo ule muji unaitwa Bad Wörishofen, na hilo neno la kwanza kwa Kijerumani ni kuoga.

Kuko jambo moja lenye wenye wanamuiga wanasahau. Pale mwanzo Kneipp alikuwa mukali na maji ya baridi, sawa vile alijifanyia yeye mwenyewe mu Danube. Lakini kadiri alitunza watu, aliona kwamba ukali hauko dawa. Akapunguza baridi, akapunguza wakati, akatumia maji ya uvuguvugu kwa wazee na wazaifu. Na hakufundisha maji peke yake. Alitia pamoja majani ya dawa, chakula rahisi, kutembea na kufanya kazi ya mwili kwa kipimo, na maisha ya utaratibu: kulala, kupumzika, roho kutulia. Mutu mwenye anakunywa lotoko usiku kucha halafu anajimwangia maji ya baridi asubui, huyo hamufuati Kneipp.

Yenye tunaweza kufanya nyumbani

Tunajua hali ya cité. Robinet haitoki kila siku, bidon inabebwa kichwani, na kuni ao makala ni pesa. Kwa hiyo tumechagua paka mambo yenye yanatumia beseni moja, kopo moja na kitambaa kimoja. Waganga hawakubali kila kitu chenye Kneipp alifundisha, na haya hayaponyeshi magonjwa makubwa. Yanapunguza uchovu na maumivu madogo, yanasaidia kulala, na hayaombi pesa ya dawa.

La kwanza ni beseni ya miguu nyuma ya poste. Tia maji ya joto, yafike juu ya kifundo cha muguu, ukae dakika 10 mpaka 15. Maji yawe ya joto la kupendeza, yasiunguze. Pima kwa kiwiko cha mukono, hapana kwa miguu. Mwenye ugonjwa wa sukari anapaswa kuangalia sana hapa, juu miguu yake inaweza kukosa kusikia moto na akaungua bila kujua. Huyo amuombe mutu mwengine apime maji. Ukimaliza, panguza muzuri katikati ya vidole. Mwenye kuvaa bottes saa 8 ao 12, ngozi yake inaoza pale kama inabaki na maji.

La pili ni kopo la maji ya baridi kwa miguu yenye kuwa mizito. Kneipp alifanya hivi: alianza na muguu wa kuume, kwa kidole kidogo, maji yakapanda nyuma upande wa inje mpaka kwenye goti, yakakaa pale kidogo, yakashuka upande wa ndani. Kisha muguu wa kushoto vile vile. Maji yashuke pole pole kama shuka, yasipige ngozi. Haipite dakika moja kwa yote. Pangusa maji kwa mukono tu, vaa soksi, tembea ndani ya nyumba mpaka miguu ipate moto. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: maji ya baridi ni kwa mwili wenye moto. Kama miguu yako iko baridi tayari, kama vile asubui ya mwezi wa 6 ao wa 7 huku kwetu, anza kwa kutembea ao kwa beseni ya joto.

La tatu ni kutia mikono mu beseni ya maji ya baridi, mpaka juu kidogo ya viwiko, kwa sekunde 10 mpaka 30, halafu kuipunga mpaka ikauke. Inaamusha mutu mwenye amechoka muchana na hana nafasi ya kulala. Mwenye ugonjwa wa moyo aache hii. Mwenye tension, na mama mwenye mimba, aulize kwanza kwa kituo cha afya.

La ine ni kitambaa. Ukiteguka muguu ao ukigongwa, na pamevimba, weka kitambaa cha maji ya baridi kwa dakika 10 ao 15, utoe, urudilie mara chache kwa siku, muguu uwe juu ya muto. Kwa mugongo wenye umekazana juu ya kubeba, bila kuvimba, kitambaa cha maji ya joto ni muzuri kupita. Kama huwezi kukanyaga kabisa, ao mufupa umepinda, ao miguu inakufa ganzi nyuma ya kuanguka, hiyo ni ya hospitali siku ile ile, na ni ya kuandikisha kama ajali ya kazi. Usiache kapita akurudishe nyumbani bila karatasi.

Kisha kuko mambo ine ya kuepuka. Usikalishe mutoto juu ya sufuria ya mvuke na blanketi kichwani. Sufuria inamwangika na mutoto anaungua. Usitie mutoto mwenye homa ndani ya maji ya baridi. Unaweza kumupanguza na kitambaa cha uvuguvugu ili apumzike, lakini huku kwetu homa ni malaria mpaka damu ipimwe, basi mupeleke apimwe siku ile. Usiende kutembea ndani ya mutoni juu umesoma kwamba Kneipp alitembea ndani ya maji. Mito yetu mingi iko na bilharzia, na ile yenye inapita chini ya migodi na viwanda inabeba uchafu wenye jicho halioni. Beseni la nyumbani linatosha. Na usimwange maji ya baridi kwa mutu mwenye amelewa ao mwenye ameanguka ukifikiri utamuamusha.

Maji yenye yanaokoa mapafu

Sasa tufike kwenye jambo lenye kwa ajili yake tumeandika haya yote. Ugonjwa wenye tunaogopa kupita mu kazi yetu hauko mugongo wala miguu. Ni vumbi la jiwe. Vumbi lile la silika ni dogo sana, linaingia mpaka chini ya mapafu, linafanya makovu, na makovu hayatoki. Waganga wanauita silikoze. Hauna dawa ya kuuondoa, na mwenye vumbi lile ndani anashikwa na kifua kikuu upesi kupita mutu mwengine. Hakuna beseni, hakuna mvuke, hakuna majani yenye yanaweza kusafisha mapafu yale. Mwenye anawaambia anakuwa na maji ya kuosha vumbi mu mapafu, anawadanganya.

Lakini maji yanaweza kuzuia vumbi lisipande. Mashini ya kutoboa jiwe yenye inapitisha maji mu chuma chake inageuza vumbi kuwa matope, na matope hayapumuliwi. Kumwangia barabara za kariere, kulowanisha mawe mbele ya kuyapakia, kulowanisha mahali pa kusagia, hiyo yote ni utunzaji wa maji, na ndiyo wenye una nguvu kupita wote. Na unafanywa kule kazini, na pampu na mipira ya kampuni, hapana na bidon ya mama.

Maji ya pili ni ya douche pale kwenye mulango wa kutokea. Mufanyakazi anapaswa kuoga na kubadilisha nguo mbele ya kurudi, juu vumbi lenye linabaki mu nywele na mu nguo linaenda kulala pamoja na watoto. Mahali pa kazi penye hakuna douche, na mahali hapo ni pengi, fanyeni hivi: acheni bottes inje, musikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba, muzilowanishe kwanza, muzifue peke yake, mbali na nguo za watoto. Ninyi mama, musizikung'ute ukutani. Vumbi lile lile lenye linauwa bwana linaweza kuingia kwenu.

Turudie Kneipp kwa neno moja. Alikuwa mutoto wa mufanyakazi mwenye aliona kwamba mwili wa maskini unastahili kutunzwa, na kwamba kutunza kunaanza na kitu chenye kila nyumba inaweza kupata. Hiyo tunaikamata. Tujitunze nyumbani na beseni letu, bila haya na bila kudanganywa. Lakini kampuni isije kutuambia kwamba afya yetu inaanza na kuisha mu beseni. Jioni mutu anajitunza mwenyewe. Muchana, mu shimo na mu kariere, mwenye kumutunza ni mwenye kumupa kazi.

Kwa hiyo, kila mahali pa kazi, mukikutana na wajumbe wenu, ulizeni maswali tatu na muombe yaandikwe mu karatasi ya mukutano. Mashini za kutoboa ziko na maji, na maji yale yanatoka kweli kila poste, ao yanafungwa ili kazi iende mbio? Kuko douche yenye inafanya kazi, na mahali pa kuacha nguo za kazi? Kila mufanyakazi anapigwa picha ya mapafu, na mwenyewe anapewa majibu yake mu mukono? Mwenye atajibiwa hapana kwa moja ya hayo, aandike tarehe, aandike mahali, aandike pia wenye walikuwa hapo, na alete karatasi ile kwa wajumbe wa chama. Hapo tunakuwa na kitu cha kuweka mezani.